Mimi Niko Ukurasa wa Ngapi?

Leo naomba tuweke pembeni siasa pamoja na Simba na Yanga. Nataka tuzungumze juu ya makabrasha. Najua neno lenyewe tu linaleta usingizi, lakini nivumilieni. Siku hizi ndani ya makabrasha hayo ndimo inamoamuliwa nani atapata mbolea na nani atarudi kijijini mikono mitupu.

Nianze na kisa. Miaka miwili iliyopita nilialikwa kama mwandishi kwenye kikao cha siku moja hapa Songea mjini. Taasisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa lengo langu si kumsuta mtu, ilitaka kutengenezewa mfumo wa kompyuta wa kusajili wakulima inaowahudumia na kufuatilia pembejeo zao. Mtaalamu aliyepewa kazi ya kuandika mahitaji ya mfumo huo alikuja na kabrasha lake: kurasa 186, limefungwa kwa springi, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Kila mjumbe akapewa nakala asubuhi hiyohiyo, pamoja na kalamu na chupa ya maji. Jioni tulitakiwa tuwe tumeshalipitisha.

Kulia kwangu alikaa mtendaji wa kijiji kimoja cha huko barabara ya Muhukuru. Mtu mzima, shati la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni. Alilifungua kabrasha, akalifunga, akalifungua tena katikati. Kisha akaninong'oneza: "Mdogo wangu, wewe umesoma. Hebu nionyeshe, humu ndani mimi niko ukurasa wa ngapi?"

Tukaanza kumtafuta. Tulimkuta ukurasa wa 23, kwenye orodha ya watumiaji. Tukamkuta tena ukurasa wa 61, ambako anajaza fomu. Ukurasa wa 97 kulikuwa na jedwali la masharti ya taarifa anazojaza. Ukurasa wa 140 alitajwa kwenye ripoti za mwezi. Kazi yake ni moja tu, kumsajili mkulima, lakini ilikuwa imekatwakatwa na kutawanywa kabrasha zima. Mpaka tunafika ukurasa wa 140 mwenyekiti alikuwa ameshauliza mara mbili kama kuna maswali. Hayakuwepo. Makofi yakapigwa, tukaenda kula.

Mfumo ukatengenezwa, ukaja. Ndipo ikajulikana ule ukurasa wa 97 ulikuwa na nini. Kulikuwa na mstari mmoja uliosema kila mkulima awe na namba yake ya simu, na namba moja isitumike kwa watu wawili. Ukiwa mjini unauona ni mstari wa maana kabisa. Kijijini kuna nyumba nyingi zenye simu moja, na simu hiyo anayo baba. Mke mwenye shamba lake akifika kusajiliwa, kompyuta inajibu kwamba namba hiyo imeshatumika. Mjane anayeazima simu ya mtoto wa jirani, vilevile. Nilimkuta mama mmoja ambaye hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuja mjini kwa jambo hilohilo, kila mara na nauli yake, na mvua zilikuwa zimeshaanza.

Nilipokutana tena na mtendaji yule alisikitika sana. Aliniambia, "Mstari ule ningeuona, ningesema palepale. Nani asiyejua kwamba kijijini kwangu simu ni ya nyumba?" Na kweli angesema. Kosa lile lingeondolewa kwa kalamu, siku ileile, bila gharama yoyote. Liliachwa likaingia kwenye programu, na kulitoa humo kulichukua msimu mzima.

Wapo waliomlaumu mtaalamu, wapo waliomlaumu mtendaji kwa kunyamaza. Mimi naamini tatizo lilikuwa namna kabrasha lilivyogawanywa. Halikuwa na kipande hata kimoja ambacho mtu mmoja angeweza kukishika, kukisoma akakimaliza, na kusema: hapa sawa, hapa mmekosea.

Kwa wale ambao hawajasoma mambo haya (mimi mwenyewe nilisoma uandishi wa habari, haya nimefundishwa na mwenzangu wa chumba kimoja chuoni aliyekuwa anasoma kompyuta), nieleze kidogo. Kabla fundi hajachimba msingi, mwenye nyumba husema anataka vyumba vingapi, jiko liwe wapi na mlango utazame upande gani. Mfumo wa kompyuta nao ni hivyohivyo. Kabla mtu hajaandika mstari mmoja wa programu, huandikwa maelezo: nani atautumia, atafanya nini, taarifa gani itatunzwa, na mfumo ukatae nini. Maelezo hayo pamoja na michoro yake ndiyo huitwa modeli ya mahitaji. Ya duka moja la vifaa vya ujenzi pale Majengo yanaweza kumalizika kwa kurasa tano. Ya mfumo utakaotumika wilaya tano hayawezi. Lazima yawe mengi, na yakishakuwa mengi lazima yagawanywe.

Sababu ya kuyagawa ni kichwa cha binadamu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala iliyokuja kuwa maarufu sana, akionyesha kwamba mtu huweza kushika kichwani kwa wakati mmoja mambo yapatayo saba, ongeza mawili au punguza mawili. Watu wa kompyuta waliliona hilo mapema. Mwaka 1978 Tom DeMarco alitoa kitabu kilichofundisha kuchora mfumo kwa ngazi: mchoro wa juu unaonyesha mfumo mzima kwa vikundi vichache, kisha kila kikundi kinafunguliwa kwenye mchoro wake. Miaka ya 1990 Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson waliunganisha mitindo yao, ikazaliwa lugha ya michoro inayoitwa UML, ambayo mwaka 1997 ilikubaliwa kuwa kiwango cha pamoja. Ndani ya UML kuna alama maalumu ya fungu. Ni kiboksi chenye sikio juu, kama faili la ofisini. Unatia humo mahitaji yanayokwenda pamoja, unalipa fungu jina, halafu unachora mshale kuonyesha fungu hili linalitegemea lile.

Kwa hiyo elimu ya kugawa ipo siku nyingi, na wataalamu wetu wanafundishwa vyuoni. Tena kabrasha letu lile lilikuwa na sura zake nzuri tu: Uhasibu, Ugavi, TEHAMA, Utawala, Ufuatiliaji na Tathmini. Mmeona sura hizo zinafanana na nini? Zinafanana na milango ya korido ya ofisi iliyotoa zabuni! Kila mkuu wa idara alihojiwa, akaeleza ya kwake, ikawa sura. Mkulima na mtendaji wa kijiji hawana mlango kwenye korido ile, basi hawakupata sura.

Hili nalo si geni. Mwaka 1968 Mmarekani Melvin Conway aliandika kwamba taasisi inayobuni mfumo huishia kubuni mfumo unaofanana na namna taasisi yenyewe inavyowasiliana. Kama Uhasibu na Ugavi hawasemeshani, na moduli zao hazitasemeshana. Kama ofisi haimsikilizi mtu wa kijijini, na mfumo wake hautamsikiliza. Zaidi ya nusu karne imepita na bado tunalirudia lilelile.

Sasa tugawe kwa kufuata nini? Jibu langu ni hili: tugawe kwa kufuata shughuli ya mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho. Mtu amekuja na haja yake, ameondoka imetimia au amekataliwa na ameelezwa kwa nini. Hilo ndilo fungu.

Mkitaka mfano wa kugawa vizuri msiende Marekani. Nendeni zahanati yoyote, hata hapo Mjimwema. Mtakuta vitabu vya MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya ulioenea nchini miaka ya 1990. Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje. Cha 6 ni cha wajawazito. Cha 7 ni cha watoto, cha 8 ni cha uzazi wa mpango. Cha 12 kiko leba, cha 13 ni cha mama aliyekwisha kujifungua, cha 14 ni cha wagonjwa waliolazwa. Muuguzi wa leba halazimiki kukijua kitabu cha 8 ndipo afanye kazi yake. Anakijua cha 12, na anakijua safu kwa safu. Mwonyeshe safu ambayo haina maana, atakwambia hapohapo, bila semina wala projekta. Anajua yuko ukurasa wa ngapi.

Vitabu vile vina kasoro zake. Jina la mama mmoja linaandikwa mara nyingi, kitabu hadi kitabu, na mkono wa muuguzi unachoka. Lakini kazi ya kugawa ilikuwa imeshafanyika sawasawa. Ndiyo maana ilipokuja DHIS2, ile programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na yenye mizizi yake Afrika Kusini ya miaka ya 1990, taarifa za vituo vya afya zilikuwa na mahali pa kuingilia. Watu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioshiriki kuileta hawakulazimika kubuni mafungu yote upya. Mengi yalikuwa rafuni tayari, yana namba mgongoni.

Fungu likikatwa vizuri lina faida nyingine: linaweza kusimama peke yake wakati mengine yanasubiri. Hapa mfano wangu ni M-Pesa. Wengi tunaitumia kila siku bila kujua kwamba haikuanza hivi tuijuavyo. Majaribio yake ya kwanza, Kenya mwaka 2005, yalilenga kulipa marejesho ya mikopo midogo. Vodafone na Safaricom walishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu. Mambo ya mikopo, vikundi na mahesabu ya taasisi yale yakawa mazito. Lakini waliokuwa wakiangalia majaribio waligundua kwamba watu wanaitumia huduma kwa jambo jingine kabisa: wanatumiana hela wao kwa wao. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mambo ya mikopo yaliwekwa kando. Yalibaki machache: weka pesa, tuma, toa, nunua muda wa maongezi. Mwaka 2008 huduma ikafika kwetu kupitia Vodacom. Mikopo ilirudi baadaye kwa mlango wake, pale M-Shwari ilipoanzishwa Kenya mwaka 2012.

Jiulizeni ingekuwaje kama wangeng'ang'ania kwamba mpaka kila kitu kikamilike ndipo waanze. Waliweza kuanza na kidogo kwa sababu "kumtumia mtu pesa" ni shughuli inayojitosheleza. Mtu wa Lizaboni hahitaji kuelewa mikopo ndipo amtumie mama yake elfu kumi. Kama mahitaji yale yangesukwa pamoja kama mkeka, usingeweza kuvuta ukindu mmoja bila kufumua wote.

Haya, turudi kwenye mbolea, maana huku kwetu ndiyo habari yenyewe. Mkoa wa Ruvuma unalima mahindi, na mahindi ya huku bila mbolea ni kubahatisha. Serikali imejaribu kutoa ruzuku kwa njia mbalimbali. Kuanzia msimu wa 2008/09 tulikuwa na vocha za karatasi, na Ruvuma ilikuwamo. Kamati ya vocha ya kijiji iliteua wakulima, mkulima akalipa takriban nusu ya bei na vocha ikalipia nusu nyingine kwa wakala. Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye sherehe za Nane Nane pale Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea inayoendeshwa kwa mfumo wa kidijitali. Mkulima anasajiliwa kijijini au mtaani kwake, anapata namba, na wakala anamhudumia kupitia namba hiyo. Msimu ule wa 2022/23 mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulipangiwa shilingi 70,000.

Mimi sijaona kabrasha la mahitaji ya mfumo huo na siwezi kusema liliandikwaje. Nautumia kwa kuwa shughuli zake tunazijua sote. Ningepewa kazi ya kugawa mahitaji ya mfumo wa namna hiyo, ningekata hivi. Fungu la kwanza: kumsajili mkulima. Mwenye fungu hilo ni mtendaji wa kijiji. La pili: kuhakiki mkulima na ukubwa wa shamba lake. Wenye fungu ni afisa ugani na viongozi wa kijiji. La tatu: kuuza mfuko. Mwenye fungu ni wakala wa pembejeo, na humu ndimo yanamoandikwa yote yanayotokea dukani, pamoja na mtandao kukatika wakati foleni imefika barabarani. La nne: kumlipa muuzaji fedha ya ruzuku. Hilo ni la wahasibu. La tano: kupokea lalamiko na kulijibu.

Hilo la tano ndilo ninalokosana nalo na watu kila ninapolitaja. Wananiambia malalamiko si moduli, ni huduma kwa wateja, yataongezwa mbele ya safari. Ndugu zangu, ukigawa kwa kufuata korido huwezi kuliona fungu hili kwa sababu hakuna mlango ulioandikwa "Aliyekataliwa". Ukigawa kwa kufuata shughuli za watu, linakuja lenyewe. Yule mama aliyekuja mara tatu alikuwa na shughuli. Alikuwa anataka kujua kwa nini amekataliwa na afanye nini. Hakuna ukurasa hata mmoja kati ya zile 186 uliokuwa wa kwake.

Kuna fungu la sita, na hili nalitoa kwa mtaalamu mwingine. Mwaka 1972 David Parnas aliandika makala ambayo wanafunzi wa kompyuta bado wanasomeshwa. Alichukua programu moja ndogo akaigawa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilifuata hatua za kazi, moja baada ya nyingine. Ya pili iliangalia maamuzi yanayoweza kubadilika, kila uamuzi ukawekwa ndani ya fungu lake. Akaonyesha kwamba ile ya pili ni rahisi zaidi kurekebisha. Kwetu hilo linamaanisha nini? Kwenye ruzuku, bei hupangwa upya, aina za mbolea huongezwa au kupunguzwa, tarehe za kufungua msimu husogea. Mambo hayo yasitawanywe kwenye usajili, mauzo na malipo. Yawekwe pamoja kwenye fungu moja, liitwe "Masharti ya msimu huu". Msimu ujao anakuja ofisa, anafungua fungu moja, anabadilisha, anafunga. Kama bei imeandikwa sehemu tisa, hakika sehemu ya tisa itasahauliwa, na huko iliko sahauliwa ndiko wakala na mkulima watakakogombania.

Je, njia hii ya kwangu na ya Parnas hazigombani? Sioni. Ukate kwanza kwa shughuli za watu, kwa sababu watu ndio watakaosoma na kukosoa. Kisha pita tena, yale yanayobadilika mara kwa mara uyatoe uyaweke kwao.

Sasa nijibu hoja ya upande wa pili, maana rafiki yangu yule wa chuoni hajawahi kuniachia. Anasema ukishagawa unazaa tatizo jipya: nani anaangalia maungio? Ana haki. Tarehe 1 Oktoba 2013 Marekani ilifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov. Taifa tajiri kuliko yote, wataalamu wa kila aina. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiunga mpaka mwisho walikuwa watu sita. Si sita elfu, sita. Kazi ile ilikuwa imegawanywa kwa makampuni mengi, lakini majaribio ya mfumo mzima kwa pamoja, kuanzia mtu anapoingia mpaka anapotoka na bima yake, yalichelewa hadi siku za mwisho. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na mwananchi akakwama kwenye maungio.

Kwa hiyo sisemi kata tu halafu basi. Maungio yaandikwe kama mafungu yenyewe yanavyoandikwa. Kutoka usajili kwenda mauzo kinapita nini? Namba ya mkulima na kiasi cha mifuko anachostahili. Basi, iandikwe hivyo, na iandikwe nani mwenye dhamana namba ikipotea njiani. MTUHA wanafanya hivyo kwa namba ya kadi ya mama. Akitoka kliniki kwenda leba, kadi ndiyo inayobeba historia yake. Ukiona kati ya mafungu mawili kuna mishale mingi inayokwenda na kurudi, ujue umekata pabaya. Hayo yalikuwa kitu kimoja. Yarudishe pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo baadhi ya wasomi wenzangu hawatalipenda. Mafungu hayo yaandikwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Kama jaji anaweza kuandika hukumu ya mtu kwa Kiswahili, mtaalamu wa mifumo atashindwaje kuandika "Mtendaji anaandika jina la mkulima, kijiji, ukubwa wa shamba, na namba ya simu kama anayo"? Hayo maneno "kama anayo" ndiyo yaliyokosekana ukurasa wa 97. Waandika programu wakitaka nakala ya Kiingereza watengenezewe, lakini itakayopitishwa na watumiaji iwe ile wanayoielewa. Hata majina ya mafungu yabadilike. "Moduli ya Usimamizi wa Taarifa za Wanufaika" haimwambii mtu kitu. "Kumsajili mkulima" inamwambia kila kitu.

Na vikao vya kupitisha navyo vibadilike. Watu arobaini kupewa kurasa 186 asubuhi na kuzipitisha kabla ya chai ya jioni ni kudanganyana, tena kwa fedha za umma. Mtendaji apewe fungu lake la kurasa sita au nane, wiki mbili kabla, alisome nyumbani kwake, aongee na mwenyekiti wa kijiji na wakulima wawili watatu. Akija kikaoni atie saini fungu lake peke yake. Wakala naye atie saini la kwake. Juu ya yote kuwe na ukurasa mmoja tu wa ramani unaoonyesha mafungu yote na maungio yake, ili hata mwandishi wa gazeti kama mimi nikiingia nijue nipo wapi. Nchi hii ina Sheria ya Serikali Mtandao tangu 2019, na ina mamlaka inayosimamia mifumo ya taasisi za umma. Sharti kama hili si kubwa. Ni suala la kuliweka kwenye zabuni.

Najua wapo watakaosema hayo yanachelewesha kazi. Wiki mbili za kusoma zinachelewesha, sikatai. Lakini kosa la simu lilichelewesha msimu, na mahindi hayangoji. Mkulima aliyekosa mbolea ya kupandia mwezi Desemba huwezi kumrudishia Desemba yake hata ukimpa mifuko kumi mwezi Machi.

Wengi wenu mnaosoma hapa ni wasomi. Wengine mko maofisini, wengine ndio mnaoandika makabrasha haya, wengine mtakuwa kwenye kamati za kuyapitisha mwaka huu au ujao. Ombi langu kwenu ni dogo. Siku mtakapowekewa mezani kitabu cha springi, kabla ya kupiga makofi, mtafuteni ndani yake mtu mmoja wa chini kabisa atakayeutumia mfumo huo, na mwulize swali la mtendaji wangu: mtu huyu yuko ukurasa wa ngapi? Kama jibu ni "hapa kidogo, pale kidogo, na kwingine kwenye kiambatisho," msipitishe. Rudisheni kikagawanywe upya.

Yule mama alisajiliwa hatimaye, msimu uliofuata. Mtoto wake alimnunulia simu ya tochi, akapata namba yake. Nilipomuuliza kama sasa mambo ni mazuri alicheka, akasema, "Mwanangu, simu ninayo. Chaji ndiyo naifuata senta." Nikajiuliza kama hilo nalo limeandikwa mahali fulani.

Tutafakari. Tupo pamoja.